Kujitengenezea Mishale ya Shabaha kwa Gharama Ndogo: Mwongozo kwa Anayeanza

Mtu anayeanza kujifunza kulenga shabaha kwa upinde hugundua mapema kwamba upinde hununuliwa mara moja, lakini mishale huliwa kila wiki. Mmoja hugonga jiwe na kuvunjika shingo, mwingine huzama kwenye majani usionekane tena, na wa tatu hupasuka mkiani siku ambayo hukuutarajia. Kwa sisi tunaoishi Moshi, ambako mishale ya kiwandani huagizwa kutoka nje na kulipiwa usafiri na ushuru kabla haijafika mkononi, hasara hiyo hukatisha tamaa haraka. Nimejitengenezea mishale yangu kwa miaka kadhaa sasa, kwa mbao, manyoya ya bata mzinga na vipande vya chuma ambavyo mafundi huvitupa, na ninaandika haya kwa ajili ya yule anayetaka kuanza akiwa na fedha kidogo na vifaa vichache.

Ninaomba jambo moja lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu kila hatua inayofuata inalitegemea. Ubora wa mshale wa nyumbani unatokana na kufanana kwake na wenzake. Mishale sita mizito kidogo, mifupi kidogo au minene kidogo, lakini inayolingana yote, itakusanyika mahali pamoja kwenye shabaha. Mishale sita mizuri isiyolingana itatawanyika hata mkono wako ukiwa imara kama mwamba, na wewe utajilaumu bure. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye kupima na kuchagua. Vifaa vya kurahisisha kazi vinaweza kusubiri.

Kabla ya kushika msumeno

Mwongozo huu unahusu mishale ya kulengea shabaha peke yake. Uwindaji nchini Tanzania unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu hapaswi kuingia hifadhini akiwa na silaha bila kibali, hata kama nia yake ni kukatiza njia tu. Anayeishi karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, au upande wa Arusha karibu na Meru, alizingatie hilo anapochagua mahali pa kufanyia mazoezi.

Mishale ya mbao inafaa kwa pinde za kawaida, yaani za mbao au za faibaglasi, ambazo mtu huzivuta kwa nguvu ya mkono bila msaada wa magurudumu na kebo. Usiitumie kamwe kwenye upinde wa magurudumu. Upinde wa aina hiyo huachilia nguvu nyingi kwa ghafla, na wano la mbao linaweza kupasuka vipande vipande likiwa bado linapita juu ya mkono wako. (Wano ndilo jina la kijiti chenyewe cha mshale, bila manyoya wala chembe, yaani kichwa chake.)

Unahitaji kujua namba mbili kuhusu wewe na upinde wako. Ya kwanza ni urefu wa mvuto wako. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole kimoja cha kati hadi cha pili, kisha ugawe kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 178 atapata kama sentimita 71, ambazo ni inchi 28. Ya pili ni nguvu ya upinde unapofika kwenye mvuto huo. Hapa inatosha mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo: ning'iniza ugwe, yaani kamba ya upinde, kwenye ndoano yake, vuta hadi urefu wako, na usome. Watu wa mchezo huu huhesabu kwa ratili, na kilo moja ni ratili 2.2, kwa hiyo upinde unaosoma kilo 13.6 ni upinde wa ratili 30. Huo ndio upinde nitakaoutumia kama mfano, kwa sababu unamfaa mtu mzima anayeanza.

Urefu wa mshale wako wa kwanza uwe sentimita 4 au 5 zaidi ya mvuto wako. Mshale mfupi mno unaweza kuvutwa hadi nyuma ya upinde, na ukiachiliwa hapo utaingia mkononi. Mfano wangu ni mshale wa sentimita 75.

Mbao, na kosa nililolilipia

Seti yangu ya kwanza ilitokana na vijiti vya mviringo nilivyonunua dukani, vimetengenezwa kwa mashine, vimenyooka na kulainishwa vizuri. Nilivipenda kwa macho. Siku ya pili ya mazoezi mshale mmoja ulivunjika wakati wa kuuachilia, na kibanzi chenye urefu wa njiti ya kiberiti kikaingia kwenye shina la kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto. Nilipoviokota vipande nikaona kwamba havikukatika wima. Vilikuwa vimechanika kwa mshazari, kama kalamu iliyochongwa, na mistari ya mti ilikuwa inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ndani ya sentimita kumi tu.

Nilivipeleka kwa mzee mmoja fundi seremala, jirani yetu huku Pasua. Nilimwamkia, akavigeuza mara mbili kwenye mwanga, akaniambia: "Mwalimu, mti una mishipa kama huo mkono wako. Msumeno hauijui mishipa, unapita popote. Ukitaka kijiti kisikugeuke, mbao uipasue, usiichane." Ushauri huo haukunigharimu kitu, na tangu siku hiyo haujavunjika tena mshale wangu wowote mkononi.

Basi tafuta kipande cha mbao ya paini au saiprasi kilichokauka, chenye urefu wa sentimita 80 hivi, kisicho na fundo lolote. Mbao za aina hizi hazina shida kwetu, kwa sababu zinapandwa kwenye mashamba ya miti ya Meru na Kilimanjaro Magharibi, na nyingine huletwa kutoka Sao Hill kule Mufindi. Mara nyingi mabaki yanayofaa yamelala chini ya meza ya seremala yakisubiri kuwa kuni. Tazama mistari upande mrefu wa kipande: ifuate kwa kidole kutoka mwanzo, na ikiwa inakimbia sambamba na ukingo hadi mwisho, chukua. Ikiwa inaukimbilia ukingo na kutoka nje, acha, hata kama umepewa bure.

Kipasue kwa panga dogo au patasi pana na nyundo, ukianzia kwenye ncha, ili mpasuko wenyewe ufuate mishipa ya mti. Utapata vijiti visivyovutia, vyenye pembe na mawimbi kidogo. Vichonge kwa randa hadi viwe na pembe nne sawa, milimita 11 kwa 11, kisha uvifunge pamoja kwa mpira na kuvilaza juu, chini ya dari au darini jikoni, kwa mwezi mmoja au zaidi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, uvipe muda mrefu zaidi, kwani kijiti kinachochongwa kikiwa na unyevu hupinda kikikauka, nawe utakuwa umepoteza kazi yote. Andaa vijiti 12 ili upate mishale 6. Nusu itachujwa na vipimo, na si hasara.

Kuna wanaouliza juu ya mianzi. Ni nzuri sana, na katika nchi nyingi za Asia imetumika kwa mishale tangu zamani. Mwanzi mwembamba wa milimita 8 hadi 10, uliokauka kivulini na kunyooshwa kwa joto la jiko la mkaa, una nguvu kuliko paini. Lakini mianzi ya porini kwetu iko Meru, ndani ya maeneo yanayolindwa, na Kilimanjaro haina ukanda wa mianzi kama milima mingine mikubwa ya Afrika Mashariki. Kama huna mianzi iliyopandwa nyumbani yenye wembamba huo, anza na mbao.

Kuviringisha wano

Chukua ubao wa urefu wa mita moja, uchonge mfereji wa umbo la V katikati yake, na upigilie msumari mfupi mwishoni kama kizuizi. Kijiti hulala ndani ya mfereji huo pembe moja ikiwa juu, nawe unapitisha randa mara chache, unageuza, unapitisha tena, mpaka pembe nne zimekuwa nane. Kisha ondoa pembe za nane upate kumi na sita. Hapo kijiti kimeshakaribia kuwa mviringo na kazi inayobaki ni ya msasa, namba 80 kwanza, halafu 120, mwisho 220, ukiukunja ndani ya kiganja na kukizungusha kijiti.

Kifaa kimoja ninachosisitiza kipatikane ni kipimo cha kipenyo. Mwombe fundi wa kuchomelea akutobolee kipande cha chuma bapa matundu mawili, moja la milimita 9 na jingine la milimita 8. Kwa upinde wa hadi ratili 40 au zaidi kidogo, wano la milimita 8 linatosha. Kijiti kinachopita kwenye tundu la 9 tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama kimeshakuwa sawa vya kutosha kuingia hatua ya msasa wa mwisho, na kinachopita kwenye la 8 kwa kusuguana kidogo kimekamilika. Jicho hudanganywa na mwanga. Tundu halidanganywi.

Kunyoosha ni kazi ya dakika chache. Angalia wano kwa jicho moja kama mtu anayelenga, tafuta mahali palipopinda, pashe joto juu ya mkaa bila kuunguza, kisha ukunje kidogo kupita unyofu na ushikilie hadi papoe. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao hutengeneza mishale yao kwa mkono hadi leo, hupasha joto wano namna hiyo na kulikunjia katikati ya meno. Mikono miwili na ukingo wa meza vitakutosha.

Kipimo kinachobeba kila kitu

Mshale unapoachiliwa hauendi moja kwa moja kama msumari unaopigiliwa. Ugwe unausukuma kutoka nyuma wakati ncha bado nzito na tulivu, kwa hiyo wano hupinda, huuzunguka mwili wa upinde, halafu hutikisika kushoto na kulia hadi litulie njiani. Mmarekani Clarence Hickman aliupiga picha mwendo huu kwa kamera ya kasi na kuufanya uonekane wazi. Maana yake kwetu ni kwamba ugumu wa wano ni lazima ulingane na nguvu ya upinde. Wano gumu mno halipindi vya kutosha na huelekea kushoto kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Lililo laini mno hupinda kupita kiasi na kuelekea kulia.

Mashine ya kupimia ugumu huuzwa, lakini yangu ni ubao ukutani wenye misumari miwili. Pigilia misumari hiyo kwenye mstari mlalo, umbali wa sentimita 66 kamili kati yao. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ifunge kamba yenye ndoano shingoni, uipeleke kwenye mizani ya duka la jirani, na uongeze au upunguze maji hadi chupa, maji, kamba na ndoano kwa pamoja vifike gramu 907, ambazo ni ratili mbili. Nyuma ya nafasi ya katikati bandika karatasi.

Laza wano juu ya misumari na uweke alama ya penseli mahali lilipo katikati. Ning'iniza chupa katikati hasa. Subiri iache kubembea, kwa maana ikibembea hata kidogo alama itakudanganya, kisha uweke alama ya pili. Pima kati ya alama mbili kwa rula ya milimita. Sasa gawa 660 kwa namba hiyo, na jibu ni nguvu ya upinde, kwa ratili, ambayo wano hilo linaifaa. Likishuka milimita 22 linafaa ratili 30. Likishuka milimita 19 linafaa karibu ratili 35. Likishuka milimita 13 tu ni gumu mno kwa anayeanza, linataka upinde wa ratili 50.

Kila wano lipimwe likiwa limegeuzwa vilevile. Tazama ncha yake uone pete za ukuaji wa mti: upande wa wano ambako mistari inaonekana myembamba na mingi ndio ulio mgumu, na ndio utakaoegemea upinde, kwa hiyo uwe juu wakati wa kupima. Andika jibu kwa penseli juu ya wano lenyewe.

Hesabu hii imejengwa juu ya mshale wa inchi 28. Mshale mrefu zaidi ni laini zaidi, na desturi ni kuongeza ratili 5 kwa kila inchi inayozidi. Kwa upande mwingine, upinde wa mbao usiochongwa mahali pa kuegemea mshale katikati yake hutaka wano laini zaidi, kwa sababu mshale una safari ndefu ya kuuzunguka. Mambo hayo mawili huelekea kufutana. Kwa upinde wa ratili 30 na mshale wa sentimita 75, chagua mawano yaliyosoma kati ya 30 na 35. Kwenye rundo langu la kwanza la vijiti 12 nilipata saba katika kundi hilo, vitatu vigumu kupita kiasi nikavipunguza kwa msasa hadi vikaingia, na viwili nikavifanya vijiti vya nyanya bustanini.

Baada ya hapo pima uzito. Mizani ndogo ya kidijitali kama ile ya sonara inagharimu kidogo kuliko mishale miwili ya kiwandani, na inaweza kuazimwa kwa siku moja. Mawano ya seti moja yasitofautiane zaidi ya gramu moja. Mshale uliokamilika usiwe mwepesi kuliko gramu 0.65 kwa kila ratili ya upinde, yaani gramu 19.5 kwa upinde wa ratili 30, kwa kuwa mshale mwepesi mno huurudishia upinde nguvu ambazo haukuweza kuzibeba, na upinde wa mbao huweza kupasuka. Kwa paini hutafika huko: mishale yangu hutoka na gramu 26 au 27. Huenda polepole zaidi, upinde unakuwa mtulivu mkononi, na kwa umbali wa mita 10 hadi 18 haina upungufu wowote.

Mkia na kichwa

Pengo la kukalisha ugwe hukatwa mkiani. Funga pamoja blade tatu za msumeno wa chuma kwa utepe wa gundi, nazo zitakata pengo la karibu milimita 3 kwa mkato mmoja. Pengo liwe na kina cha milimita 8 hadi 10, na likate pete za ukuaji kwa kuzivuka, kamwe lisizifuate, kwani ugwe unaosukuma sambamba na pete utalipasua wano kama shoka. Lainisha kwa msasa uliokunjwa, kisha uzungushie uzi wa nailoni wa fundi viatu, mizunguko kumi na zaidi, mara tu chini ya pengo, na uloweshe uzi huo kwa supagluu. Uzi huu ni lazima. Mshale ukae kwenye ugwe bila kushikiliwa ukiuelekeza chini, na uanguke ukiugonga ugwe kwa kidole.

Kwa chembe nilihangaika hadi nilipomtembelea fundi wa friji. Bomba la kopa la inchi 3/8 analotumia lina upana wa nje wa milimita 9.5 na ndani karibu milimita 8, kana kwamba lilitengenezwa kwa ajili yetu. Mabaki yake huwa mafupi mno kwake na marefu ya kutosha kwako. Kata pete ya sentimita 1.5, uiingize kwenye ncha ya wano kwa gundi ya epoksi. Toboa katikati ya ncha tundu lenye kina cha sentimita 2.5, jembamba kidogo kuliko msumari wa inchi nne, kata sentimita 4 za msumari huo pamoja na ncha yake, na uuingize kwa epoksi ukiacha sentimita 1.5 nje. Pete huzuia mbao isipasuke wakati msumari unapogonga. Chembe hicho kina uzito wa gramu 7 hivi. Punguza makali ya ncha kwa tupa, kwa maana shabaha ya gunia haihitaji ukali, na mguu wa mtoto anayepita haupaswi kuukuta.

Sawazisha mshale juu ya kidole. Katika mshale wa sentimita 75, mahali unapotulia pawe sentimita 7 hadi 9 mbele ya katikati. Ukitulia karibu na katikati, utayumba.

Manyoya

Bata mzinga ndiye anayefaa. Baada ya Krismasi na Mwaka Mpya manyoya yake hutupwa, na anayewahi kumwomba mchinjaji wa jirani atarudi na mfuko mzima. Unachohitaji ni manyoya makubwa ya bawa, yale marefu na magumu ya pembeni. Ya kuku ni laini mno. Ya bata bukini yanafaa pia. Usiokote manyoya ya tai, tumbusi au ndege mwingine wa porini: viungo vya wanyamapori ni nyara za serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa, mbali na kwamba tumbusi wenyewe wanazidi kupungua.

Tenga manyoya ya bawa la kushoto na ya bawa la kulia katika mifuko miwili tangu dakika ya kwanza. Yamejikunja kwa pande tofauti, na mkunjo huo ndio unaouzungusha mshale hewani ukatulia. Mshale mmoja uwe na manyoya matatu ya upande mmoja tu, na ni vizuri seti nzima iwe hivyo. Ukichanganya, moja litausukuma mshale huku na jingine kule.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anika kivulini. Pasua uti wa unyoya kwa wembe katikati yake, tumia ule upande mpana, na uusugue uti juu ya msasa uliolazwa mezani mpaka uwe mwembamba kama ukanda wa karatasi ngumu na ukae wima bila kulala. Hapa usiharakishe, hatua hii peke yake hunichukua jioni nzima kwa mishale sita. Kata kila moja urefu wa sentimita 11 kwa kufuata kiolezo cha kadibodi, kimo cha nyuma kisizidi sentimita 1.5.

La kwanza libandikwe likiwa pembe mraba na pengo la ugwe, ili litazame nje na lisigonge upinde wakati mshale unapopita, nalo ni vyema liwe na rangi tofauti na mengine. Mawili yaliyobaki yagawane duara kwa usawa. Mwisho wa nyuma uwe sentimita 3 kutoka kwenye pengo, upate nafasi ya vidole. Mimi hushikilia kila unyoya kwa pini mbili hadi gundi ishike, halafu huzungushia uzi mwembamba ncha za mbele na za nyuma. Ncha ya mbele iliyochomoza hukwaruza ngozi juu ya kidole kama wembe, kwa hiyo ifunikwe kabisa na uzi na tone la gundi.

Paka wano vanishi mara mbili kabla ya kubandika manyoya, ukiacha wazi zile sentimita 15 za mkiani, kisha umalizie sehemu hiyo kwa uangalifu kati ya manyoya. Mshale usio na vanishi utapinda masika ya kwanza.

Majaribio na ukaguzi

Shabaha ya kuanzia ni gunia la mahindi lililoshindiliwa matambara na mifuko ya plastiki hadi likawa gumu. Nguo zisizouzika za Soko la Memorial zitakujazia gunia kwa fedha kidogo. Nyuma yake pawe na ukingo wa udongo au ukuta mrefu. Usipige kuelekea kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, kamwe: migomba huficha watu na njia za miguu, na mshale wa upinde wa ratili 30 uliokosa shabaha huweza kwenda zaidi ya mita 100.

Simama mita 10 na upige mishale yote sita mara tano, ukiandika namba ya kila mshale na mahali ulipoangukia. Usiuhukumu mshale kwa pigo moja. Ikiwa yote sita yanaegemea kushoto, nawe ni wa mkono wa kulia, mawano ni magumu. Yapunguze kwa msasa katikati, kidogo kidogo, kwa kupima tena kwenye misumari yako. Ikiwa yote yanaegemea kulia ni laini. Kata sentimita moja mbele kabla ya kuweka chembe kingine, mradi urefu usipungue kuliko mvuto wako na zile sentimita za usalama. Ikiwa mmoja tu ndio unaokwenda kwake, uweke pembeni na uupime upya. Mara nyingi utakuta tofauti uliyoipuuza.

Kila mara kabla ya kuurudisha mshale kwenye ugwe, hasa uliogonga kitu kigumu au mshale mwenzake, ushike kwa ncha zake mbili, uukunje taratibu kuelekea upande usio na uso wako, uuzungushe robo, uukunje tena, hadi umalize duara. Weka sikio. Mlio mdogo wa kukatika, au ufa unaoonekana wano likikunjwa, unatosha: uvunje mshale huo vipande viwili hapo hapo ili mtu asiuokote na kuutumia, na uchomoe chembe chake kwa ajili ya ujao. Kisha kagua uzi ulio chini ya pengo, na iliyobaki uirudishe kwenye podo, yaani mfuko wa mishale, manyoya yakiwa juu, uitundike ndani ya nyumba mbali na jiko na mbali na ukuta unaovuja.